Kaboni Saba za Mama

Wiki iliyopita niliingia duka moja la vyuma kununua kufuli. Muuzaji, kijana mwenye simu mbili mezani, akavuta kitabu cha risiti kutoka chini ya kaunta, akaingiza karatasi ya kaboni kati ya kurasa mbili, akaandika huku akibonyeza kalamu kwa nguvu, kisha akachana ya juu akanipa. Harufu ilinifikia kabla ya risiti: nta, mafuta ya taa kidogo, na kitu kama viatu vipya. Nilisimama pale na kufuli yangu mkononi mpaka kijana akaniuliza, "Mama, kuko shida?" Nikamwambia hakuna. Shida ilikuwepo, ila ni ya zamani sana, na yeye alikuwa bado hajazaliwa.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Wenzangu ofisini, wengi wao umri wa watoto wangu, wananiita Mama Verifie, kwa sababu siachi kitu kipite bila kukiangalia mara ya pili. Wakihamisha orodha ya majina kutoka mashine moja kwenda nyingine, wananijia wakifurahi: yaliyotoka ni mangapi, yaliyofika ni mangapi, hesabu ni sawa, twende tukale. Nawaambia wafungue kwanza wanionyeshe ndani. Wanaguna, wanachekana, wanafungua. Na mtu akiniambia kwamba amefuta kitu kwenye simu yake na sasa hakipo tena, huwa nanyamaza, maana najua nikianza kueleza chakula kitapoa. Wanadhani nilijifunza ubishi huu chuoni. Nilijifunza Kalemie, siku za Zaire, nikiwa na miaka kumi na miwili, na aliyenifundisha hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Mama yangu alikuwa daktilo, yaani mpiga mashini ya kuandika, katika shule ndogo ya sekondari ya wasichana. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado sijaanza kutembea, kwa hiyo ile mashini ndiyo iliyotulisha. Mimi nilidhani ni mali yetu. Nilikuwa nikipita nje ya biro, ofisi ya mkuu wa shule, nikisikia ile kengele yake ndogo inayolia mstari ukifika mwisho, naona fahari kama vile ni kuku wetu anayetaga. Mama hakuwa akiangalia vidole vyake. Aliangalia karatasi anayonakili, kichwa kimeinama upande, midomo imefungwa, na huwezi kumsemesha mpaka kengele ilie. Watu wa mtaani kwetu walisema yule mama hakosei. Mtu akitaka kuhakikisha idadi ya viti vya harusi au sahani za matanga, alimwita mama, na akishahesabu yeye hakuna aliyerudia. Alijua kwamba wanasema hivyo, na ingawa alikuwa mtu wa kanisa, hilo lilikuwa jivuno lake.

Nyakati zile kila kitu kilikuwa kimeisha. Shule ilikuwa na mashini ya kuchapa nakala nyingi kwa kuzungusha mkono, lakini ilikaa pembeni imefunikwa gunia, kwa kuwa stensili na wino wake havikufika tena, si kwa treni wala kwa meli. Ilibaki kaboni. Mama alipanga karatasi nyembamba nane na kaboni saba katikati yake, akazigonga mezani mpaka kingo zote zikae sawa, akaziingiza kwenye mashini, halafu akapiga kila herufi kwa nguvu ili ifike hadi karatasi ya nane. Zikatoka nakala nane. Shule ilikuwa na benchi nane kwenye chumba cha mtihani, kwa hiyo kila benchi lilipata nakala moja, na wasichana watatu walisoma karatasi moja wakisukumana viwiko.

Kaboni zenyewe zilikuwa adimu kiasi kwamba mama alizitumia hadi zinang'aa, zimekwisha kabisa. Zilizokwisha aliruhusiwa kuzileta nyumbani, tukawashia makaa. Hapo ndipo nilipojitungia elimu yangu. Niliamini kwamba herufi zinakaa ndani ya ile karatasi nyeusi, zimelala, na mama akipiga zinashuka kwenda kwenye karatasi nyeupe. Kaboni ikishapigwa, basi ukurasa ule umetoka, umekwenda zake. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Lakini ushahidi nilikuwa nao jikoni: zile kuukuu ukizibonyeza hazikutoa kitu, kama kapu lililomwagwa unga wote. Mambo yote yalinikubalia, nami sikuona haja ya kumwuliza mtu mzima.

Nilikuwa na rafiki, Sifa, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Tulimaliza darasa la sita pamoja, na mwaka huo wote wawili tulikuwa tufanye mtihani wa kuingia ile ile shule ya mama. Sifa alikuwa fundi wa kudarizi kuliko wasichana wote wa mtaa. Ili kuchora ua kwenye kitambaa, unaweka kaboni chini ya mchoro, unapitisha penseli, ua linabaki kwenye nguo tayari kwa uzi. Mimi nilikuwa nimeazimia kudarizi kifuniko cha mashini ya mama, chenye maua mekundu pembeni, na uzi mwekundu mzuri alikuwa nao Sifa peke yake. Nikampelekea kaboni moja ya kuwashia makaa. Akaigeuza kwa vidole viwili.

"Hii imezeeka, haishike kwa kitambaa," akaniambia. "Lete ya mupya, nitakupatia uzi, vidonge mbili."

Jumamosi moja kabla ya mtihani nilimpelekea mama chakula biro. Ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, ndani ya sahani mbili zilizofunikana na kufungwa kitambaa. Alikuwa amemaliza kupiga ukurasa wa hesabu. Kwa ukurasa ule mkuu wa shule, tuliyemwita Papa Prefe, alikuwa amemruhusu achukue mwenyewe kaboni mpya kabisa kwenye pakiti, kwa sababu namba zikififia mtoto atasoma tatu badala ya nane. Zilikuwa mezani zote saba, zimekaa sawa, nyeusi tii, na harufu yake imejaa chumba. Pembeni kulikuwa na rundo la zile kuukuu za kupeleka nyumbani.

"Usiguse kitu, mikono yako iko na mafuta," mama akasema. "Ninaenda kumwita Papa Prefe, tuhesabu, afungie ndani ya kabati."

Akatoka. Nilisikia viatu vyake vikipita barazani. Sikufikiri sana, na hilo ndilo linalonishangaza hadi leo, jinsi jambo kubwa lilivyonichukua muda mfupi. Nilifuta mikono kwenye gauni, nikachomoa kaboni moja kutoka katikati ya zile mpya, nikaikunja taratibu na kuiweka tumboni chini ya nguo. Halafu nikachukua moja kuukuu nikaichomeka mahali pale pale. Nyeusi kwa nyeusi. Ukurasa wa hesabu ulikuwa umeshatoka kwenda kwenye karatasi, kwa hiyo sikuwa nachukua mtihani. Nilikuwa nachukua weusi uliobaki tu.

Papa Prefe alikuja, mtu mrefu mwenye miwani, mtaratibu. Mama akahesabu kwa sauti akiinua pembe moja moja: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Papa Prefe akaitikia, "Saba. Ni sawa," akazifungia kabatini pamoja na zile nakala nane. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwaangalia, na niliposikia "saba" moyo wangu ukatulia kabisa. Hesabu ilikuwa sawa. Nani angelalamika?

Sifa aliipokea jioni hiyo akaniletea uzi. Mengine nilikuja kuyajua kwake baadaye. Jumapili baada ya ibada aliiinua ile kaboni dirishani ili aone kama kweli ni mpya, na jua likapenya. Kila mahali ambapo chuma cha mashini kilipiga, weusi ulikuwa umetoka ukaacha herufi ya mwanga. Akasoma swali la treni inayotoka Kabalo, akasoma la mitumbwi mitatu inayogawana samaki, akasoma yote kumi. Ukurasa ulikuwa haujaenda popote. Ulikuwa umeacha umbo lake lote pale pale, safi kuliko hata nakala ya nane.

Sifa hakuwa mtoto mbaya. Aliona bahati, akakaa chini kuzifanya zile hesabu, na alipomaliza akawapelekea pia wasichana wa Mpala, waliokuwa wamefika kwa boti siku hiyo na mikeka yao na wanalala darasani wakingoja mtihani. Alitaka wampende. Baba yake alimkuta vidole vyeusi, akataka kujua ni nini, na alipoelewa hakupiga kelele. Aliuliza imetoka wapi. Sifa akasema ameiokota njiani. Aliendelea kusema hivyo hata alipochapwa, na mimi sijawahi kumlipa kwa hilo.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwenye mstari mbele ya biro, wasichana ishirini na wanne, tumeshaimba na bendera imeshapanda. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, kila mmoja ameshika sketi yake. Baba wa Sifa akapita mbele yetu akiwa na nguo za kazi, na karatasi nyeusi mkononi. Nilipoiona niliiachia sketi yangu. Mlango wa biro ulibaki wazi, na mimi nilikuwa wa tatu kutoka mlangoni.

"Papa Prefe, nimekuta hii kwa nyumba yangu," alisema. "Mutoto anasema aliokota kwa njia. Mimi sitaki mutoto yangu aingie masomo kwa mulango ya wizi. Umuazibu wewe mwenyewe."

Papa Prefe akaipeleka kwenye mwanga. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akamshukuru yule baba, akamwambia mtoto ambaye baba yake mwenyewe ameirudisha hatamfukuza, aende kazini kwa amani. Akamwita mama kutoka chumba cha pili.

"Mama, kaboni za hesabu zilikuwa ngapi?"

"Saba, Papa Prefe. Tulizihesabu pamoja."

Akafungua kabati, akazihesabu. Zilikuwa saba. Akaweka ile ya Sifa juu ya meza. "Na hii ya munane, inatoka wapi?"

Mama alinyoosha mkono. Alisema, "Unipe nazo, nihesabu tena," akazichukua. Nilimwona kwa upande, bega moja na mikono. Safari hii hakuinua pembe. Alipitisha kidole gumba juu ya kila moja, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa kabla ya kukinunua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kidole kikasimama. Kaboni kuukuu ni laini, inateleza, haina tena ule unga. Mtu aliyezishika kila siku hahitaji macho. Na Jumamosi ile ndani ya chumba kile, alipotoka, alibaki mtu mmoja tu.

Aligeuza kichwa akatazama mlangoni. Alinitazama mimi. Sijui kama alikuwa na hasira. Nimejaribu miaka mingi kuikumbuka sura ile na kila mara naipata tofauti. Kisha akairudisha ile ya nne katikati ya zile nyingine, akazigonga mezani mpaka kingo zikakaa sawa.

"Papa Prefe, ni kosa yangu," akasema. "Nilianza na munane. Moja ilikunjika wakati wa kuitoa kwa mashini, nikaitupa kwa kikapo, nikaisahau. Nilihesabu mubaya."

"Wewe?" Papa Prefe akavua miwani. "Miaka hii yote, wewe haukukosea hata koma."

"Leo nimekosea."

Mimi nilijua kwamba ni uongo. Nilijua kwamba zilikuwa saba, nilizihesabu kwa macho yangu mwenyewe kabla ya kuiba. Nilijua pia, kwa sababu sikuwa tena mtoto mdogo, kwamba nikisema neno moja mama atabaki na kazi yake, na mimi nitatolewa kwenye ule mstari, na hakuna shule nyingine ya wasichana karibu yetu iliyopokea mwizi wa mtihani. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Nililishikilia. Ningependa kuwaambia kwamba niliogopa, au kwamba mama alinikataza kwa macho, na yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini ukweli mkubwa ni kwamba niliitaka ile shule, nikanyamaza.

Papa Prefe alisema mtihani umekufa, itabidi wasichana wa Mpala warudi kwao na boti inayofuata. Baadhi yao wakaanza kulia. Mama akasema, "Usiwarudishe batoto. Hawajakosa kitu. Uandike maswali ingine, nitapiga sasa hivi, mbele ya macho yako." Na ndivyo ilivyokuwa. Papa Prefe alitunga kwa kalamu, mama akapiga, mlango wazi, sisi tumekaa chini barazani kuanzia asubuhi hadi jua likawa la utosi. Sijasikia tena mashini ikipigwa namna ile. Haikusita hata mara moja, kengele ikilia, mkono ukirudisha, kengele ikilia. Alipomaliza alitoa zile nakala nane, akazihesabu, akazitandaza, na Papa Prefe, kwa sauti ya mtu anayeona haya, akamwambia kwamba baada ya hapo, kwa heshima ya shule, aache ufunguo wa biro mezani. Mama akauacha. Alipopita kati yetu hakunitazama tena.

Nilifaulu. Jina langu lilikuwa la tano kwenye orodha, na Sifa wa tisa. Katika shule ile nilikutana na hesabu zenyewe, zile za kweli, na kutoka hapo njia iliendelea mpaka kwenye kiti ninachokalia leo. Mama aliingia biashara ya ndagala. Aliamka mapema kungoja wavuvi, akaanika, akauza, mikono yake ikabadilika, ikapata mikwaruzo ya magamba na chumvi. Hatukuzungumza juu ya siku ile, si mwezi ule, si mwaka ule. Ila mtaani jambo moja lilibadilika, dogo kiasi kwamba mgeni asingeliona: watu walipohesabu viti vya harusi, hawakumwita mama tena. Au walimwita, akahesabu, na mtu mwingine akapita nyuma yake akirudia kimyakimya. Nilimwona akiona. Alijifanya anafunga vizuri kitenge chake.

Sasa nina mvi, na mwaka jana nilikwenda Kalemie kumwona. Tulikuwa uani, yeye kwenye kiti chake, anachambua maharage kwenye ungo, bado kwa vidole bila kutazama. Akaniuliza, kama anavyouliza kila nikienda, hasa mimi nafanya nini kwenye zile mashini. Nikamweleza kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuangalia kama kilichohesabiwa ndicho kile kilichotakiwa kuhesabiwa. Na kabla sijajua, nikamwambia yote: uzi, tumbo, kaboni kuukuu katikati. Nililia kama mtoto, mimi mwanamke mwenye wajukuu.

Aliendelea kuchambua. "Nilijua," akasema. "Kidole yangu ilijua. Unafikiri mimi ninaweza kosea saba?"

"Kwa nini ulisema vile, Mama?"

"Kwa ile mashini, muntu mwingine angeikala, na shule ingeendelea. Kwa ile benchi pia, muntu mwingine angeikala. Na hangekuwa wewe." Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Mashini sikuililia. Ile iliniuma, ni kusema mbele ya bantu kama mimi sijue kuhesabu. Ile, mutoto yangu, inaniuma mpaka leo."

Nikamwomba msamaha. Akaweka ungo chini.

"Msamaha nilikupa zamani," akasema. "Sasa uende uwaite bajirani."

Nilidhani nimesikia vibaya, lakini alikuwa ananitazama machoni, akingoja. Nikatoka. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba, nikawaambia akina mama wale wazee, wachache waliobaki wa enzi zile, kwamba mama anawaita. Walikuja wakifuta mikono kwenye vitenge, wakidhani kuna msiba. Mama alikuwa amevaa kitambaa safi kichwani na amekaa wima.

"Sema," akaniambia.

Nikasema. Nilisimama katikati ya ua, nikaeleza polepole kwamba siku ile mama hakukosea, kwamba aliyechomoa kaboni ni mimi, na kwamba alijisingizia ili nisome. Mmoja wao, bibi aliyekuwa akisikia kwa shida, akasogea mbele na kuweka mkono sikioni.

"Kwa hiyo zilikuwa ngapi?" akauliza.

Nikafungua mdomo, lakini mama alinitangulia.

"Saba," akasema.